Aliyesema Simama

Bibi Dot alikamatwa na asali kabla feri haijapakia hata gari moja.

Asali yenyewe ilikuwa imepakwa ndani ya mkate. Mkate umefungwa kwenye karatasi, karatasi imo ndani ya mkoba, mkoba uko mapajani mwa Bibi Dot, naye Bibi Dot katazama mbele kama mtu anayesali. Pale bandarini Cape Jervis kibao kinasema waziwazi: asali ya bara haivuki, nyuki wa kisiwani wasije wakaletewa maradhi. Kila mtu wa Australia Kusini anakijua kibao hicho kama anavyolijua jina la mama mkwe wake.

"Mama," alisema Neville, mwanawe, akimtazama kwenye kioo cha gari. "Una asali humo."

"Nina mkate humu."

"Mkate wa nini?"

"Wa ngano. Ulitaka uwe wa nini, wa mbao?"

"Mama, nanusa asali kutoka huku kwenye usukani."

"Basi hiyo pua yako ungeipeleka shule, ungekuwa daktari." Bibi Dot alifungua karatasi bila haya. "Nitaula hapahapa. Sheria inakataza kuvusha asali, haikatazi kuvusha tumbo."

Akaula wote, akalamba na vidole, huku foleni nzima ya magari ikimsubiri amalize. Mkaguzi alicheka mpaka akashika bega la Neville. Hata Raelene, mke wa Neville, aliyekaa kiti cha mbele na mikono yake mapajani, alikaribia kucheka. Alikaribia tu. Tangu mwanawe Toby afe, kicheko cha Raelene hufika mdomoni kikageuza njia, kama mtu aliyekumbuka ameacha jiko linawaka.

Bridie, binti yao, hakucheka kabisa. Alikuwa ameibana simu yake katikati ya magoti, akiusoma ujumbe aliokwisha kuusoma mpaka maneno yakachakaa: *Mchana zamu yangu. Ni mimi nitakayewapokea ufukweni. Ukitaka nijifiche, sema.*

Hakuwa amejibu.

Na tuseme ukweli mapema, maana mambo ya moyo hayafichiki, ni kama ile asali ya Bibi Dot. Bridie Nankivell, msichana wa miaka ishirini na sita, anayemshikia daktari wa meno mrija wa mate pale Strathalbyn, alikuwa anampenda mtu ambaye jina lake halitajwi mezani kwao. Ewan Tregenza. Rafiki wa kaka yake tangu wote wawili hawajaota ndevu. Ewan ndiye aliyekuwa akiendesha usiku ule walipotoka Goolwa, taa za gari zikammulika kangaruu amelala kando ya lami.

Kwetu huku kangaruu aliyekufa barabarani hapitwi hivi hivi. Unasimama, unashuka, unaingiza mkono mfukoni mwake, maana mama anaweza kuwa amekufa na mtoto angali hai humo ndani, anamnyonya maiti. Ukishaangalia, unampiga mnyama msalaba wa rangi ya kupuliza, ili anayekuja nyuma yako aone kazi imefanyika, aende zake. Ewan alisimamisha gari. Toby alishuka. Lori likatokea konani.

Basi. Raelene aliimeza habari hiyo ikamkwama kooni, haishuki wala haitoki. "Angepita tu," alikuwa akisema, na bado anasema. "Yule kijana angepita tu, mwanangu angekuwepo."

Leo ilikuwa siku ya kuzaliwa ya Toby. Kila mwaka siku hii familia huvuka kwenda Kisiwa cha Kangaruu kuwaona simba wa bahari, kwa sababu Toby aliwapenda viumbe wale kuliko alivyopenda kuoga. Raelene hakujua kwamba Ewan amekuwa mwongoza wageni pale pale ufukweni. Neville hakujua. Bibi Dot alisema hajui, lakini Bibi Dot alisema pia hana asali.

Na kulikuwa na jambo jingine. Ewan alikuwa ameitiwa kazi ya mwaka mzima katika kisiwa cha mbali kule kusini, karibu na barafu, kuhesabu ndege na kuchunga pengwini. Walitaka jibu leo. Alimwandikia Bridie: *Ukiniambia baki, nitabaki, nitakuja mpaka mlangoni kwenu nimwangukie mama yako. Ukiniambia nenda, nitakwenda. Lakini niambie uso kwa uso.*

* * *

Barabarani kisiwani Neville alikuwa akiinua kidole kimoja juu ya usukani kila walipopishana na gari.

"Yule unamjua?" aliuliza Bibi Dot.

"Simjui."

"Na huyu mwenye pikapu ya mbwa?"

"Simjui, Mama. Hapa ndivyo watu wanavyosalimiana. Kidole kimoja, basi."

"Ningekuwa kijana ningehamia huku. Salamu ya kidole kimoja, hakuna kuulizwa habari za magoti."

Raelene alitazama nje. Zamani ndiye aliyekuwa wa kwanza kuinua kidole, hata kama haendeshi yeye, anakiinua kutoka kiti cha abiria mpaka watoto wanamwonea aibu. Leo vidole vyake vyote vililala.

Walipofika, upepo wa baharini ulikuwa mkali na kofia za wageni zinakimbia zenyewe. Wakajipanga kwenye ngazi ya mbao pamoja na wageni wengine wachache. Moyo wa Bridie ulikuwa unagonga kwa nguvu, akadhani Bibi Dot atauliza nani yuko mlangoni.

Mlango wa kibanda ukafunguka. Akatoka.

Alikuwa amekonda. Jua lilikuwa limempasua midomo, na ndevu zake za hudhurungi zilikuwa zimeota ovyo. Lakini macho yalikuwa yale yale, ya kijivu, yenye tabia ya kumtafuta Bridie kwanza kabla ya kutazama kitu kingine chochote. Yakamtafuta. Yakampata. Kwa kitambo hicho kidogo Bridie alisahau upepo, akasahau mama yake, akasahau kwamba binadamu hutakiwa kuvuta pumzi.

Kisha Ewan akamwona Raelene, akavua kofia.

"Bi Nankivell," alisema.

Zamani alimwita Rae, kama nyumba nzima ilivyomwita. Alikuwa akifungua friji yao bila kuuliza. *Bi Nankivell* ile ilisikika kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba aliyokulia.

Raelene alimgeukia mumewe. "Nev, turudi kwenye gari."

"Rae..."

"Nimesema turudi. Siongozwi na huyu. Siongozwi popote na huyu!"

"Mkwe wangu," alisema Bibi Dot, akishika mkono wa Raelene kwa utulivu ambao hakuna aliyejua anao, "leo ni siku ya Toby. Mimi nimekula mkate wa watu wawili ili nifike hapa. Huyo kijana usimtazame. Tazama wanyama."

Raelene alisimama, mabega yakipanda na kushuka. Wageni wengine walijifanya kupiga picha mawingu. Mwishowe akateremka ngazi, akampita Ewan kama inavyopitwa nguzo ya umeme.

Chini ufukweni simba wa bahari walikuwa wamelala kama magunia yaliyoanguka kutoka kwenye lori, wengine wakijikuna kwa mapezi, wengine wakipiga miayo ya kumeza dunia. Ewan alieleza kwa sauti ya kazi: msiwasogelee, msipite katikati ya mnyama na bahari, tembeeni kwa kundi. Sauti ilikuwa imara. Mikono yake ilikuwa nyuma, na Bridie peke yake, aliyekuwa wa mwisho, ndiye aliyeona jinsi vidole vilivyokuwa vimeshikana mpaka vikawa vyeupe.

Jike mmoja akatoka majini, mwili unameta maji. Akainua shingo, akaita. Mlio mzito, wa kukwaruza, kama mlango wa zizi.

"Amekuwa baharini siku kadhaa akitafuta chakula," Ewan alisema. "Alimwacha mtoto hapa. Sasa anamwita. Kila mama ana mlio wake, na kila mtoto anaujua wa mama yake."

"Na mtoto asipoitika?" aliuliza mgeni mmoja, mwanamke mwenye koti jekundu, bila nia mbaya.

Ewan alimtazama yule jike. "Huendelea kuita," alisema.

Jike aliita tena. Akaita tena. Raelene alikuwa amesimama mbele ya kundi, mikono imekumbatia tumbo lake mwenyewe, macho hayapepesi. Halafu kutoka nyuma ya rundo la mwani ikasikika sauti nyembamba, na mtoto mmoja akaja mbio kwa mwendo wa kujikwaa, mchanga umemjaa puani. Wageni wakashangilia. Raelene akageuka, akatembea peke yake mpaka mwisho wa kamba, na Neville akamfuata kwa nyuma, asimguse, awe karibu tu.

* * *

"Umekuja," alisema Ewan.

Walikuwa kwenye njia ya mbao juu ya vichaka vya mchanga, wageni wamekwisha kutawanyika. Bibi Dot alikuwa amekaa kwenye benchi pale chini, amewapa mgongo. Alikuwa amesema anataka kupumzisha magoti. Magoti ya Bibi Dot hupumzika kwa busara sana.

"Umekonda," alisema Bridie.

"Najipikia mwenyewe."

"Inaonekana. Midomo imepasuka. Huna mafuta ya kupaka?"

"Bridie, hukuvuka bahari uje kunipaka mafuta."

"Ningeweza."

Ewan alicheka kidogo. Kicheko chake kilikuwa kile kile cha jikoni kwao, na Bridie akahisi machozi yanapanda kwa hasira, kama yalikuwa yamesubiri foleni.

"Nimeamua," alisema haraka. "Nitamwambia leo, kwenye feri, asipokuwa na pa kukimbilia. Nitamwambia nakupenda, na ilikuwa ajali. Lakini lazima nijue kitu kimoja, Ewan, maana ataniuliza. Kwa nini ulisimama pale? Pana kona, pana giza. Wewe si mpumbavu. Kwa nini usiende mbele kidogo?"

Ewan alitazama bahari.

"Nilisimamisha gari. Nilikwisha kumwambia hivyo, siku ya mazishi."

"Nakuuliza kwa nini."

"Liache hilo."

"Siliachi! Miaka miwili watu wanakutemea mate, wewe umekaa kimya kama jiwe la mtoni. Unataka nikuchague, nikuchague gizani?"

"Bridie, tafadhali."

"Sema."

Ewan alivua tena kofia, akaizungusha mikononi. Aliposema, sauti ilikuwa chini, na upepo ulikuwa unaiiba nusu.

"Mimi nilikwisha kupita. Nilimwona yule kangaruu, nikaona kona, nikasema moyoni hapana, si hapa. Tukampita. Toby ndiye aliyesema simama. Akanipiga bega. 'Ewan, simama, rudi nyuma. Mama akisikia tumempita bila kuangalia mfukoni, mimi na wewe hatulali ndani.' Alikuwa anacheka. Nikarudi nyuma."

Bridie aligeuka, akamtafuta mama yake kule ufukweni.

Aliliona jiko lao. Aliona foronya za mito zimening'inia kwenye vitasa vya milango, kila moja ina kangaruu mdogo ndani, na mama yake anapasha maziwa usiku na mchana, na Toby wa miaka sita amebeba chupa. Akasikia sauti ya mama ikiwafundisha, msemo ule wa nyumba yao: *Ukimpita bila kuangalia, umepita mlango ambao mtoto analia ndani.* Toby hakuwahi kupita mlango huo. Hata mara moja.

"Mama ndiye..." alianza.

"Usiseme."

"Mama ndiye aliyemfundisha."

"Nimekwambia usiseme." Ewan alimshika mikono yote miwili, kwa mara ya kwanza tangu mazishi, na mikono yake ilikuwa baridi. "Unaona sasa? Nilitaka kumwambia, siku ya kwanza. Nikamtazama usoni. Nikafikiri, mimi akinichukia ataishi. Hili je, ataishi nalo vipi?"

Upepo ulipiga. Chini, jike yule alikuwa amelala ubavu, mtoto ananyonya, mkia unatikisika kwa raha.

Hapo ndipo mapenzi yalipomweka Bridie kwenye mizani, na mizani haikuwa na huruma. Neno moja tu, na Ewan asingekuwa tena na hatia. Neno hilo hilo, na mama yake asingeamka tena. Na kama hakulisema, angemleta vipi kijana huyu mezani kwao, kila Jumapili amtazame mama yake akimlaumu, naye akijua?

"Siwezi kumwambia," alisema.

"Najua."

"Na siwezi kukaa nawe nikiwa nimenyamaza. Nitapasuka. Siku moja nitakasirika kwa sahani tu, nitalisema."

"Najua, Bridie."

"Usiseme unajua kila kitu! Kasirika basi! Nitukane!"

"Nikutukane nini? Macho ya paka, kama zamani?"

Bridie alilia akiwa anacheka, na hicho ni kilio kibaya kuliko vyote, kwa sababu hakina pa kujifichia. Aliliegemeza paji la uso wake kifuani kwa Ewan. Shati lilinuka chumvi na mwani. Alivuta harufu hiyo kwa muda mrefu, kama mtu anayejaza maji kabla ya kuingia jangwani.

"Nenda," alisema ndani ya shati. "Waambie ndiyo."

Bridie alihisi tu kidevu cha Ewan kikitua juu ya nywele zake, kikatulia, kisha kikaondoka.

* * *

Barabara ya kurudi bandarini ilikuwa tupu. Bibi Dot alisinzia, au alifunga macho. Bridie aliegemea dirisha, akiiruhusu miti ipite.

Kangaruu alikuwa upande wao, kando ya lami, amelala kama mtu aliyechoka. Tumbo lilikuwa limewaelekea. Halikuwa na msalaba wa rangi.

Neville alimwona. Mguu ulisita kwenye breki, kisha ukaondoka, kama ulivyozoea kuondoka miaka hii miwili. Walimpita.

"Nev," alisema Raelene. "Simama."

Neville aligeuka kumtazama.

"Nimesema simama. Rudi nyuma taratibu. Weka taa za tahadhari. Bridie, nenda mpaka kule mwanzo wa kona, ukiona gari punga mikono yote miwili. Yote miwili, umenisikia?"

Bridie alikimbia. Alisimama konani, mikono tayari, na kutoka pale alimwona mama yake akipiga magoti kwenye changarawe na gauni lake zuri la leo, akiingiza mkono mfukoni mwa mnyama. Uso wake ulikuwa umeinuliwa juu, umefumba macho, kama mtu anayesikiliza. Kisha mabega yakashuka.

"Yupo," alisema. "Nev, lete kitu chenye joto. Yupo, anapiga teke."

Bibi Dot, aliyekuwa "amelala", alikwisha kuvua sweta yake. Wakamtoa mtoto polepole: miguu mirefu kupita kiasi, masikio yamelala, manyoya mafupi, macho meusi yenye mshangao. Raelene alimviringisha, akamtia ndani ya koti lake, juu ya moyo. Mikono yake haikusahau hata kitu kimoja.

"Alama," alisema. "Hatuna rangi ya kuweka alama."

Neville alifungua buti ya gari, akainua tairi la akiba. Akatoa kopo la rangi ya waridi. Hakusema lilikuwa la nani. Raelene alilitazama kopo lile kwa muda, akalitikisa, likagonga ndani tok tok tok, akampiga yule mama aliyekufa msalaba mkubwa wa waridi ubavuni.

Garini, mtoto kifuani, alisema bila kugeuka: "Mnyama havuki feri. Sharti abaki kwa walezi wa hapa. Bridie, mpigie."

"Nimpigie nani, Mama?"

"Usinifanye mjinga. Yule ambaye namba yake unayo."

* * *

Ewan aliwakuta gatini Penneshaw, bandari ya kisiwani, gari lao likiwa tayari kwenye foleni ya kupanda. Alikuja akikimbia, na foronya safi mkononi. Alisimama mbele ya Raelene kama mwanafunzi.

Raelene alimtoa mtoto kifuani. Wakamhamisha wote wawili, mikono minne, bila kugusana.

"Usimpe maziwa ya ng'ombe."

"Simpi, Bi Nankivell."

"Na umpashe joto kwanza kabla ya kumlisha. Watu wengi wanaanza na chupa."

"Joto kwanza. Najua."

"Umejulia wapi?"

Ewan aliinua macho. "Ulinifundisha wewe. Jikoni kwako."

Raelene alimtazama. Midomo ilimcheza, kitu kikaja mpaka pale mlangoni mwa kinywa, kikasimama. Aligeuka akaenda zake kupanda feri, kwa miguu, wala hakusubiri gari.

Bridie alibaki. Alitaka kusema mambo elfu, akasema moja: "Umewapigia?"

"Nimewapigia. Nimewaambia ndiyo." Alilikumbatia furushi. "Meli inaondoka Hobart wiki ijayo. Ikishaondoka haigeuzwi, hata mtu akilia."

"Huyu nani atamlea?"

"Kuna mama mmoja Parndana. Mkarimu. Nitampeleka leo."

"Paka midomo mafuta, Ewan. Kule kuna baridi."

"Nitapaka."

Aliinua mkono kama anataka kumgusa shavu, lakini mtoto akajipindua ndani ya foronya, mkono ikabidi urudi kumshika.

Feri ilipong'oa nanga, Bridie alimkuta mama yake kwenye uzio wa nyuma, upepo umemvuruga nywele. Alisimama kando yake. Gati lilianza kuwa dogo.

"Alikuambia?" aliuliza Raelene.

"Aliniambia nini?"

"Aliyesema simama ni nani."

Bridie alishika chuma cha uzio kwa nguvu.

"Nilimzaa mimi," alisema Raelene, taratibu, kama anasoma kitu kilichoandikwa majini. "Unadhani simjui? Toby hakupita kangaruu hata mmoja maisha yake yote. Na Ewan alikuwa mwoga wa kona tangu anajifunza kuendesha. Siku ile ile nilijua. Amesimama mbele ya jeneza anasema mimi ndiye niliyesimamisha gari, nami nikajua."

"Mama! Basi kwa nini? Miaka yote hii, kwa nini?"

"Kwa sababu yule kijana ana mabega mapana, Bridie. Nikimtua mzigo yeye, unarudi kwangu. Nami niliogopa." Aliutazama mkono wake. "Leo nimeingiza mkono kwenye ule mfuko, nikampata. Nilidhani nitauchukia huu mkono. Sikuuchukia."

Bridie alitaka kupiga kelele. Alitaka feri igeuze, nahodha asikie, bahari ijikunje. Akasema tu, kwa sauti ya mtu aliyeishiwa:

"Nimemwambia aende, Mama. Kwa ajili yako. Amekwisha kukubali."

Raelene alifumba macho. Aliupapasa mkono wa binti yake juu ya chuma, akaushika, na vidole vyake bado vilikuwa na vumbi la rangi ya waridi.

Kule gatini mtu mmoja alikuwa amesimama peke yake. Raelene alifungua macho, akamtazama. Kisha, polepole, kama mtu anayenyanyua kitu kizito kuliko mkono wake, akainua kidole kimoja juu ya uzio. Akakiacha pale, kimesimama kwenye upepo.

Lakini Ewan alikuwa amekwisha kugeuka. Ameinamisha kichwa, anachungulia ndani ya foronya, anaziba upepo kwa mgongo wake, anaenda. Hakukiona.

Bridie alikiona.